Mara ya Kwanza Haimo Kwenye Mkanda

Aline mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo hapa sitaziandika. Saa hizi uko kanisani, kwaya inakuaga, na mimi nimefunga mlango wa mbele wa studio asije mteja wa picha za pasipoti. Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha mbele ya kompyuta, ambacho tangu umalize sekondari hakuna mtu anayekikalia bila kufukuzwa. Nakuandikia Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa Bukavu, maana hiki chetu cha nyumbani kikiandikwa kinaonekana kama mtu aliyetoka nje bila shati. Usicheke.

Mambo ya safari sitayagusa. Tantine Beata amekwisha kuyamaliza yote: baridi ya ule msitu wa njiani, begi lipi likae miguuni, chakula cha njiani, marafiki wa kuwaangalia mara mbili. Unamjua dada yangu. Hata mimi amenipa mawaidha hayo hayo, utafikiri mimi ndiye ninayekwenda chuo cha Kigali. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo moyoni tangu ulipokuwa na miaka sita, na kila nikijaribu kulisema nageukia jambo jingine.

Unaondoka hapa Kamembe ukiamini kwamba hukumlilia mama yako. Si kweli. Na aliyekufanya uamini hivyo ni mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikisema tu hivi hutanielewa, na pengine nikishaeleza utanielewa zaidi ya ninavyotaka.

Kazi yangu umeikuta ikiwa ya picha za pasipoti na video za harusi za hapa na pale. Zamani haikuwa hivyo. Nilikuwa nikivuka daraja la mpakani karibu kila mwisho wa juma na kamera yangu begani, kwenda kupiga video ng'ambo, Bukavu, na kazi iliyokuwa nyingi kuliko zote ilikuwa ya matanga. Ndugu walioko Ulaya na Kanada walikuwa wakituma neno kabla hata jeneza halijanunuliwa: hakikisheni kamera ipo. Asiyeweza kuja kuzika alizika kwa macho, sebuleni kwake, kaseti ilipomfikia. Na walitazama kweli kweli. Walitaka kuona nani alikuja, nani alisimama karibu na nani, nani alilia. Kulikuwa na akina mama waliokuja barabarani kimya kabisa, wakikaribia lango wanatupa jicho kutafuta kamera iko wapi, ndipo kilio kinaanza. Siwacheki hata kidogo. Walikuwa wanawapelekea watu wa mbali habari kwamba marehemu wao alipendwa.

Kwa hiyo mpiga video alikuwa mkubwa. Nikinyoosha mkono, hata mchungaji alikuwa anangoja. Na mimi nilizoea kungojwa. Nilikuwa na neno langu moja ambalo wenzangu walilifanya jina langu la utani, wakawa wananiita Papa Rudia. Picha isipokaa sawa, nasema, rudia. Harusi moja kule Gashonga nilimrudisha bwana harusi avishe pete upya mara kadhaa, kwa sababu ya kofia ya mjomba wake, mpaka bibi harusi akaniuliza kama nataka nivishwe mimi. Watu walicheka, mimi pia nikacheka, lakini alivishwa tena.

Siku moja huko ng'ambo mjane alifika kutoka kijijini kwao. Mumewe alikuwa amefia mjini, na yeye alisafiri barabara mbaya siku nzima kuja kumwona. Aliposhuka kwenye gari akaanguka pale pale kwenye lango, akilia kwa sauti ambayo bado naisikia. Betri ya kamera yangu ilikuwa imekufa. Nikatia nyingine, nikamsogelea, nikainama, nikamwambia kwa adabu zote, "Maman, pole sana. Rudia mu gari, ushuke tena." Akaniangalia. Kisha akainuka, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango mwenyewe, akashuka tena. Safari ile alishuka polepole, ameshika sketi yake isiguse matope, akaingia ndani bila sauti. Familia ilinisifu kwa picha safi. Nilipaswa kuona pale pale nilichokifanya, na sikuona kitu.

Mama yako aliona kabla yangu. Unakumbuka, au labda hukumbuki, kwamba alikuwa akivusha vitenge, na jioni akirudi anatukuta mimi na wewe uani, mimi nakupiga video ukicheza. Siku hizo kila ulichofanya nilikiweka kwenye kaseti, na kila ulichofanya vizuri nilikuomba ukifanye tena. Yeye anatua mzigo, anaketi juu yake, anasema, "Papa Aline, weka ile kitu chini, utuangalie na macho yako." Alikuwa anasema kwa utani. Mimi najibu kwa utani pia, namwambia macho yangu ni haya ya kioo. Natamani ningemsikiliza hata siku moja.

Kabla hajaugua alikuletea viatu vyeupe vya kamba. Ulivipenda mpaka ukataka kulala navyo, ila kufunga kamba ulikuwa hujui, na kila asubuhi ilikuwa vita. Siku tuliyompeleka hospitali alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari, wewe umesimama mlangoni na kamba zinaburuzwa. Akakwambia, "Nikirudia, nikute unajua kujifunga kamba weye peke yako." Ukaitika kwa kichwa. Sikuyatilia maanani maneno yale. Watu wagonjwa husema vitu vidogo vidogo, nami nilikuwa natafuta kadi yake ya bima.

Hakurudi. Tulimzika kule Mururu, kwa wazazi wake, na wajomba zako walioko Ulaya wakapiga simu wakisema neno lile lile ambalo nilikuwa nimelisikia kwa watu wengine miaka yote: hakikisheni kamera ipo. Mwenzangu wa kazi alijitolea kupiga. Nikakataa. Nikamwambia mkono wake unatetemeka, ataharibu. Watu wakasema, mwone huyu mwanaume, anavyompenda mke wake, hataki mtu mwingine amguse hata kwa picha.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nyuma ya kamera sikuhitaji kuwa mtu aliyefiwa. Nilikuwa na mwanga wa kuangalia, na betri, na watu wa kuwasogeza. Kila aliyekuja kunikumbatia alikuta kamera katikati yetu, akanigusa bega tu, akapita. Nilimzika mke wangu bila kutoa chozi, nikiwa natazama kioo kidogo kisichozidi kiberiti. Najuta, Aline. Hata leo nikitaka kuukumbuka uso wake wa siku ile, nauona mdogo hivyo, ndani ya kile kioo.

Jeneza lilikuwa uani, juu ya meza, bado wazi. Ikafika zamu ya mtoto kumuaga mama yake. Tantine alikuwa amesimama na wewe mlangoni pa nyumba, amevaa ile blauzi yake ya bluu. Akakuachia mkono uende, na wewe ukakimbia. Nasema ulikimbia, Aline. Ukafika kwenye meza, ukasimama kwa ncha za vidole, ukashika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili, kisha ukaachia mkono mmoja na kuinua mguu juu kadiri ulivyoweza.

"Mama, angalia," ukasema. "Nilijifunga kamba miye peke yangu."

Ukangoja. Mguu ulikuwa bado juu. Ukasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayesema na aliyeko chumba cha pili. Halafu niliona uso wako ukielewa. Sijui mtoto wa miaka sita anaelewa nini, lakini ulielewa. Ulilia kilio kilichounyamazisha ua mzima, hata wale akina mama waliokuwa wanalia kwa sababu ya kamera. Ulimwita. Ulipiga mateke. Ulikataa kuachia ule ukingo, Tantine akawa anakubandua kidole kimoja kimoja, akakubeba, ukalia juu yake mpaka sauti ikakukauka.

Na mimi baba yako, wakati huo, unajua nilikuwa nahisi nini? Nilikuwa nimeudhika. Mzee mmoja mwenye koti pana alikuwa amesimama mbele yako muda wote ule. Kwenye picha kulikuwa na mgongo wake tu, na sauti yako nyuma yake. Nikasema moyoni, picha imeharibika, wajomba hawataona kitu.

Basi nikafanya kile nilichokuwa nikifanya kila siku kazini. Nikaurudisha mkanda nyuma mpaka pale kabla hujatoka mlangoni, ili nipige juu yake. Tulifanya hivyo sisi wote, kuokoa kaseti na kupunguza kazi ya montaji, ile ya kukata na kuunganisha picha. Nikamwomba yule mzee asogee. Nikaja mpaka pale Tantine alipokuwa amekubeba, nikakushusha chini, nikatoa leso. Nilikupangusa macho, nikakupangusa pua, nikakutengeneza kola, mpaka uso ukawa safi. Nikakwambia maneno haya, na sijawahi kuyasahau hata siku moja.

"Rudia kwa mulango, halafu ukuye polepole. Usilie, sura yako ionekane. Bajomba bako batakuona."

Ukaniuliza, "Tena, Papa?"

Tantine akasema, "Acha mutoto." Akalisema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie ndugu wanagombana mbele ya maiti. Nikamjibu kwamba ni mara moja tu.

Ukarudi mlangoni. Ukaja polepole, Tantine nyuma yako. Ukasimama, ukaweka ua ulilopewa mkononi, ukatazama kidogo, ukageuka. Hukulia. Ulifanya kama baba yako alivyokuambia, neno kwa neno, kwa sababu ulikuwa mtoto msikivu. Na kamera ikaandika utulivu ule juu ya kilio chako, na kilio kikafutika. Hakuna kopi yake popote duniani. Nimetafuta mpaka kwenye kaseti za watu wengine.

Kaseti zikaenda Ulaya, na sifa zikarudi. Wajomba zako walipiga simu wakisema mtoto wetu ni jasiri, hajatikisika. Ukawa mtoto asiyelia. Kila mwaka tulipomkumbuka mama yako, ndugu walitaka video iwekwe, na kila ikifika pale mtu mmoja lazima aseme, "Huyu haikulia hata kidogo. Iko na roho ya mwanaume." Walidhani wanakusifu. Wewe ulikuwa umekaa mkekani unajitazama. Mwanzoni ulikuwa na maswali mengi, maswali ya mtoto: yule mzee mwenye koti ni nani, kwa nini sikufungwa kiatu, Tantine amemwagikiwa nini begani, kwa nini wewe Papa haumo. Nilijibu chochote kilichonijia mdomoni. Baadaye ukaacha kuuliza. Nadhani kufikia hapo video ilikuwa imechukua nafasi ya yale uliyoyakumbuka mwenyewe, na mimi nilikaa pale pale nikaiacha ichukue.

Tantine alitaka kukuambia zamani. Nilimwapisha. Nilimwambia mimi ndiye baba, nitasema mwenyewe siku ikifika. Ameniheshimu kuliko nilivyostahili, ila kila mwaka video ikiisha ananitupia jicho, nami najifanya natafuta rimoti.

Kisha ikaja ile siku bibi yake rafiki yako alipozikwa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulirudi kutoka mazishini, ukasimama jikoni na viatu vyenye udongo, ukaniambia, "Papa, miye sina machozi. Benzangu bote balilia. Hata Mama sikumulilia. Iko kitu inakosa ndani yangu."

Aline, mlango ulikuwa wazi. Ungetafuta siku nzuri zaidi ya kusema ukweli usingeipata. Nilikuwa nimeshika kijiko. Nikakwambia, "Kunywa chai, inapoa."

Nimefanya makosa mengi. Lile la Mururu nililifanya nikiwa nimechanganyikiwa, na mtu mwenye huruma anaweza kunitetea. Lile la jikoni nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna wa kunitetea. Ulikunywa chai ukaenda kulala. Tangu siku ile nilikuona unajizuia. Ukiwa na furaha unajizuia, ukikasirika unajizuia, kama mtu anayeogopa kugonga mlango wa chumba alichoambiwa hakina mtu.

Sasa utaelewa kwa nini nilikuwa mkaidi ulipokuja na karatasi ya chuo. Mawasiliano na utengenezaji wa video na sauti. Ungedhani umeniletea habari ya msiba. Nilikwambia uuguzi una ajira. Nilikwambia kazi hii haina heshima, siku hizi kila mwenye simu ni mpiga video. Nilikwambia hata mambo ya macho kuharibika. Tukanuniana mpaka Tantine akawa mkalimani, nyumba moja, meza moja, anapeleka maneno kutoka upande huu kwenda upande ule. Ukaniambia, "Papa, huniamini." Nikanyamaza, ukachukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Haikuwa hivyo. Nilikuamini kupita kiasi. Niliogopa kwamba watakufundisha kutazama, na siku moja utaifungua ile video kwa jicho la mtu wa kazi na kuona yote. Hiyo ilikuwa hofu ya kwanza, hofu ya mwizi. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Niliogopa utakuwa mimi. Nilikuona na simu yako ukiwapiga video akina mama wa mpakani, na mkono wako ulikuwa mtulivu kama wangu, nikasema, kazi imekwisha, nimemlea Papa Rudia mwingine.

Mpaka ile siku ya Maman Noella. Nakukumbusha kwa sababu nadhani wewe hukuiona kuwa siku ya maana. Ulikuwa unatengeneza kile kifilamu chako kuhusu wanaovusha sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na hatukuwa tunasemezana vizuri, ila ulihitaji mtu wa kushika maiki nikaja. Maman Noella alikuwa amejitwika beseni lake la samaki, anakueleza bei na wateja wake wa ng'ambo, anacheka. Ukamuuliza nani humsaidia kubeba. Akasema zamani alikuwa na mwanawe. Halafu mdomo ukaanza kumtetemeka.

Mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukanyooka kukuonyesha ishara: sogea karibu na uso. Sikufikiri. Mwili wa miaka yote ile ulifikiri kwa niaba yangu. Hukuniangalia hata. Ulizima simu ukaitia mfukoni. Ukalishika beseni kichwani pake, ukalishusha chini, ukaketi naye kwenye ukingo wa barabara, na mkakaa pale pamoja mpaka akapangusa uso mwenyewe kwa kitenge chake. Mimi nilibaki nimesimama nimeshika maiki kama mjinga.

Tulipokuwa tunarudi nikakwambia umepoteza sehemu nzuri. Ndiyo, nilisema hivyo, unaona mtu alivyo. Ukanijibu bila hasira, "Ile ilikuwa machozi yake, Papa. Haikuwa ya video."

Jioni ile nilitia sahihi karatasi yako. Ulidhani Tantine amenishinda kwa kelele, ukamnunulia soda. Tantine hakuwa amesema neno. Wewe ndiye uliyenishinda, na nilikwenda kulala na aibu na furaha kwa pamoja, sikujua nishike lipi. Mtu ambaye kuna kitu kinakosa ndani yake hashushi beseni la mwenzake. Nilitaka kuamka nikwambie hivyo. Sikuamka.

Kwa hiyo siwezi kukufundisha kazi. Kule watakuonyesha taa na sauti na mambo ya kompyuta ambayo mimi nayasikia kwa mbali. Ninachojua ni kidogo, na nimekilipia: kitu kikikupita, kiache kipite. Kilikuwa kweli hata kama kamera haikukishika. Mimi sikulijua hilo, nikamrudisha mjane ndani ya gari, na nikakurudisha wewe mlangoni.

Ile video nimekuwekea kwenye flashi, iko mfuko wa mbele wa begi la kompyuta. Si lazima uitazame. Lakini nakujua, ukisoma haya utataka ushahidi, na ni haki yako, maana baba yako amekuwa shahidi mbaya. Basi usiitazame kama mtoto aliyekaa mkekani. Itazame kama mtu wa montaji, anayeuliza kila kitu kilichomo kwenye picha kilitoka wapi.

Tazama mguu wa kushoto. Kamba ya kiatu imefunguka, inaburuzwa. Watu walidhani siku ile hakuna aliyejali kukuvalisha. Uliifunga mwenyewe asubuhi, ukakataa msaada, na uliifunga vizuri. Ilifunguka kwa mateke.

Halafu simamisha picha pale unapogeuka na Tantine akaonekana mzima nyuma yako. Tazama bega lake la kulia. Blauzi ni ya bluu, lakini pale ni nyeusi, imelowa kutoka shingoni mpaka karibu na kifua. Uliniuliza amemwagikiwa nini, nikakwambia maji ya mtungi. Hapakuwa na mtungi, Aline. Kichwa chako kilikuwa pale muda mfupi kabla. Nilirudisha mkanda, nikakupangusa uso, nikamsogeza mzee mwenye koti, nikasahau bega la dada yangu. Ni hicho tu kilichobaki cha kilio chako, na kinatosha kumjulisha yeyote kwamba ulimlilia mama yako kuliko sisi wote.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye begi uisome ukiwa msituni, mahali simu haishiki, nisiuone uso wako. Tantine amesema huo ni woga ule ule umevaa koti jingine, na amesema kweli. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho, wakati wa chai, kabla hatujatoka. Nitakaa mbele yako ukiisoma. Kwenye gari wenzako wa kwaya watatoa simu zao wapige picha za kuagana. Mimi nitakuja mikono mitupu, nikuangalie kwa macho yangu, kama mama yako alivyoomba.

Ukilia, lia. Ukininunia mpaka Kigali, ninunie. Ukiniita jina baya, nitaitika. Sitakupangusa uso, na sitakuambia urudie.

Papa yako